Mwongozo kamili: Jinsi ya kuyafunga mawasiliano yako yasisomwe na dola, kuanzia kwenye simu hadi kwenye nakala rudufu

Kosa ni lilelile, na linawapata hata watu makini. Mtu anapakua programu ya ujumbe inayosifiwa kwa usalama, analipia VPN (huduma inayomficha mtoa huduma wa intaneti tovuti unazotembelea), kisha anapumua akiamini kazi imekwisha. Wakati huohuo nakala ya mazungumzo yake yote inapanda kila usiku kwenye hifadhi ya mtandaoni ikiwa wazi, na kampuni inayoitunza inaweza kuikabidhi ikiletewa hati ya mahakama. Hakuna aliyevunja usimbaji wowote, yaani kufuli linaloufanya ujumbe usisomeke bila ufunguo. Hapakuwa na haja.

Kikulacho ki nguoni mwako. Siku hizi ni nadra ujumbe kudakwa na kusomwa ukiwa njiani. Huvuja kwenye ncha: simu isiyofungwa vizuri, laini iliyotekwa, kompyuta iliyounganishwa ikasahauliwa, nakala rudufu isiyo na kufuli. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na simu yenyewe, na VPN inasubiri hadi karibu na mwisho. Fuata hatua kwa mfuatano wake, kwa sababu ya nne haina faida kama ya kwanza haijafanyika.

Kwa wanaosema hawana cha kuficha: Kifungu cha 12 cha Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu kinakataza mtu kuingiliwa kiholela katika faragha na mawasiliano yake. Hakikuweka sharti kwamba kwanza awe na siri. Na mazungumzo yako si yako peke yako, yana mgonjwa aliyekueleza hali yake, ndugu aliyekukopa, rafiki aliyekimbia ndoa.

## Utakavyohitaji

- Simu ambayo mtengenezaji wake bado anaipa masasisho ya usalama. Kama masasisho yamekoma, badilisha simu kwanza. Hakuna programu inayoweza kuziba pengo hilo.
- Karatasi, kalamu na mahali pa kufungia karatasi hiyo. Utaandika funguo, na hazitakiwi kupigwa picha.
- Programu ya kutunza manenosiri, kama Bitwarden au KeePassXC.
- Programu ya kuzalisha kodi za kuingilia (namba fupi za kuthibitisha kwamba ni wewe), au bora zaidi, ufunguo wa usalama unaochomekwa kwenye USB.
- Mtu mmoja unayewasiliana naye mara nyingi, aliye tayari kufanya hatua hizi pamoja nawe. Asipokuwepo, hatua ya 3 na ya 4 hazitakamilika.
- Muda usio na haraka. Funguo nyingi hupotea kwa sababu ziliandikwa chapuchapu.

Kabla ya kuanza, jibu swali moja kwa uaminifu: unamkinga nani asione nini? Anayeogopa rekodi zake kukusanywa kwa jumla pamoja na za wananchi wote anahitaji hatua ya 1 hadi ya 7. Mwandishi wa habari, wakili au mtetezi wa haki anayeweza kulengwa yeye binafsi anahitaji na ya 8.

## Hatua ya 1: Ifunge simu yenyewe

Ujumbe hata ufungwe vipi njiani, ukifika kwenye simu unasomeka. Vyombo vya usalama vya nchi nyingi vina mashine za kunyonya data kwenye simu, zinazotengenezwa na kampuni kama Cellebrite, na mojawapo ya njia zake ni kubahatisha namba ya siri hadi ipatikane.

1. Badilisha namba ya siri. Tarakimu nne zina michanganyiko 10,000 tu, sita zina milioni moja. Weka tarakimu kumi au zaidi, au nenosiri lenye herufi na tarakimu. Usitumie tarehe ya kuzaliwa ya mtu yeyote wa nyumbani.
2. Sasisha mfumo wa simu, kisha programu zote. Washa masasisho yajifanye yenyewe.
3. Ficha maudhui ya arifa kwenye skrini iliyofungwa. Watu wengi husahau kwamba ujumbe uliofichwa kwa ustadi wote huo unachungulia hapo juu ukiwa umeandikwa wazi.
4. Iweke skrini ijifunge baada ya sekunde 30.
5. Unapoelekea mahali ambapo simu inaweza kuchukuliwa, kama mpakani, kwenye maandamano au kwenye mahojiano, izime kabisa.

Namba tano haina mbadala. Simu ikishafunguliwa mara moja tangu iwashwe, baadhi ya funguo zinazofungua data hubaki kwenye kumbukumbu yake hata skrini ikifungwa tena. Ukiizima, funguo hizo hutoweka hadi uandike namba ya siri upya, na mashine za kunyonya data hupata kidogo sana. Apple walilitambua hilo: tangu iOS 18.1 ya mwaka 2024, iPhone isiyofunguliwa kwa siku tatu hujizima na kujiwasha yenyewe. Android nayo ilipata uwezo kama huo mwaka 2025.

Tahadhari. Alama ya kidole na sura ni rahisi kutumia, lakini mtu anaweza kukushika mkono kwa nguvu au kukuelekezea simu usoni. Simu iliyozimwa huomba namba kwanza, na hii ni sababu nyingine ya kuizima. Fahamu pia sheria ya mahali ulipo. Uingereza, kwa mfano, kukataa kutoa ufunguo baada ya kupewa notisi halali ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 2000. Mahali pa namna hiyo, kinga yako ni kutobeba data ambayo hutaki ionekane.

Utajua umefaulu hivi: zima simu, iwashe, na kabla hujaifungua mwombe mwenzako akupigie. Namba yake itaonekana tupu, bila jina. Hata orodha yako ya majina bado imefungwa.

## Hatua ya 2: Linda laini na akaunti zako

Programu nyingi za ujumbe hukutambua kwa namba ya simu, na hukuthibitisha kwa kodi inayokuja kwa SMS. SMS haijasimbwa. Kampuni ya simu inaiona, na anayeweza kuiamuru kampuni hiyo anaweza kuidaka. Aprili 2016 wanaharakati wawili wa Urusi walieleza kwamba akaunti zao za Telegram ziliingiliwa usiku, huku huduma yao ya SMS ikiwa imezimwa. Hawakubofya kiungo chochote.

Dawa ni kuweka kufuli la pili ambalo halipitii kwenye laini:

1. Kwenye WhatsApp, nenda Mipangilio, kisha Akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili. Weka PIN ya tarakimu sita.
2. Kwenye Signal, weka PIN kisha washa kufuli la usajili. Bila kuliwasha, PIN peke yake haimzuii mtu kusajili namba yako kwenye simu nyingine.
3. Kwenye Telegram, washa nenosiri la ziada kwenye sehemu ya faragha na usalama.
4. Kwenye barua pepe na hifadhi ya mtandaoni, ondoa SMS kama njia ya kuthibitisha. Weka programu ya kodi au ufunguo wa USB.
5. Weka PIN kwenye laini yenyewe, ili ikichomolewa na kutiwa kwenye simu nyingine isifanye kazi.

Desemba 2024, baada ya wadukuzi kubainika ndani ya mitandao ya kampuni kadhaa za simu za Marekani, shirika la usalama wa mtandao la serikali ya nchi hiyo liliwashauri viongozi waache kodi za SMS na watumie programu za ujumbe zilizosimbwa. Wadukuzi walikuwa wamefikia hata mifumo iliyojengwa ili serikali isikilize simu kwa kibali cha sheria. Mlango uliotobolewa kwa ajili ya polisi uliingiza wengine.

Kwa nenosiri kuu la programu ya kutunza manenosiri, tumia maneno sita yaliyochaguliwa kwa bahati tupu. Kuna orodha za maneno 7,776 zilizotengenezwa kwa kazi hii. Unarusha dadu mara tano, tarakimu tano zinakupa neno moja, unarudia hadi maneno sita. Usichague mwenyewe na usichukue mstari wa wimbo au aya, kwa sababu kinachokujia haraka kichwani huwa kimo tayari kwenye orodha za wabahatishaji.

Utajua umefaulu hivi: ingia kwenye barua pepe yako kwa kutumia kompyuta mpya. Ikikuomba kodi ya programu au ufunguo, na haina chaguo la kukutumia SMS, umemaliza.

## Hatua ya 3: Chagua programu ya ujumbe na uithibitishe

Unachotafuta ni usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho: ujumbe unafungwa kwenye simu yako na kufunguliwa kwenye simu ya mwenzako tu, na kampuni iliyo katikati inabeba kitu isichoweza kukisoma.

Signal inafanya hivyo kwa kila kitu na hutunza kumbukumbu chache sana. WhatsApp imefanya hivyo kwa maudhui tangu Aprili 2016, ila kampuni yake inajua mengi zaidi kuhusu nani anawasiliana na nani. Telegram ndiyo inayowachanganya wengi. Mazungumzo yake ya kawaida hayana usimbaji wa mwisho hadi mwisho, na makundi yake hayana kabisa. Mazungumzo ya siri pekee ndiyo yanayo, na lazima uyaanzishe mwenyewe na kila mtu mmoja mmoja. Septemba 2024 Telegram ilibadilisha masharti yake na kusema inaweza kuzikabidhi mamlaka namba ya simu na anwani ya IP ya mtumiaji (namba inayotambulisha muunganisho wake wa intaneti) zikileta ombi halali la kisheria.

Ushauri wangu ni Signal kwa jambo nyeti na WhatsApp kwa mambo ya kila siku, kwa kuwa watu wako wako huko. Programu bora ambayo hakuna mwenzako anayeitumia haikulindi.

Sasa sehemu ambayo karibu kila mtu huiruka. Fungua mazungumzo na mwenzako, gusa jina lake, tafuta namba ya usalama. Ni tarakimu 60 pamoja na mraba wa kodi ya QR. Mkiwa mmekaa pamoja, mmoja achanganue kodi kwenye skrini ya mwingine. Mkiwa mbali, someaneni tarakimu kwa simu ya video, mkitambuana sauti na sura. Msizitume ndani ya mazungumzo yaleyale mnayoyathibitisha, maana aliyekaa katikati angezibadilisha.

Hivyo ndivyo mnavyohakikisha kwamba ufunguo unaouona ni wa mwenzako na si wa mtu aliyejipachika katikati yenu.

Tahadhari. Namba ya usalama ikibadilika, mara nyingi ni kwa sababu mwenzako amebadilisha simu au amesakinisha programu upya. Mara nyingi si kila mara. Muulize kwa njia nyingine kabla ya kuendelea na jambo zito. Kwenye WhatsApp washa arifa za usalama ili uambiwe mabadiliko hayo.

Utajua umefaulu hivi: alama ya tiki inatokea baada ya kuchanganua, na kwenye Signal mwenzako anaandikwa kuwa amethibitishwa.

## Hatua ya 4: Nakala rudufu, mahali wengi wanapoanguka

Kama baada ya kuifunga simu una nguvu ya hatua moja tu leo, fanya hii.

Hati ya mafunzo ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ya Januari 2021, iliyowekwa hadharani baadaye mwaka huohuo, inaorodhesha wanachoweza kukipata kisheria kutoka kila programu ya ujumbe. Inasema kwamba mlengwa wa WhatsApp akiwa na iPhone na amewasha nakala za iCloud (hifadhi ya mtandaoni ya Apple), data zitakazotoka iCloud zinaweza kuwa na ujumbe wenyewe. Soma tena sentensi hiyo. WhatsApp ilibaki imefungwa. Ujumbe ulitoka kwa mlango wa nyuma ambao mwenye simu aliufungua kwa mkono wake, siku alipobofya kitufe cha kukubali nakala.

WhatsApp. Nenda Mipangilio, kisha Gumzo, kisha sehemu ya nakala rudufu. Una njia mbili.

Ya kwanza ni kuzima nakala kabisa. Ni salama zaidi, na gharama yake iko wazi: simu ikipotea, mazungumzo yamepotea nayo.

Ya pili ni kuwasha usimbaji wa mwisho hadi mwisho kwa nakala, unaopatikana tangu mwaka 2021. Miongoni mwa chaguo utakazopewa ni nenosiri na ufunguo wa herufi na tarakimu 64. Chagua ufunguo, chukua karatasi, uandike kwa mafungu manne manne, kisha uusome kutoka kwenye karatasi ukilinganisha na skrini. Fanya hivyo mara mbili. Herufi au tarakimu moja ikikosewa, WhatsApp yenyewe haiwezi kukusaidia kuifungua nakala hiyo, na hapo ndipo penye nguvu yake.

Tahadhari kwa wenye iPhone. Hata ukisimba nakala ya WhatsApp, nakala ya iCloud ya simu nzima inaweza kubeba historia ya gumzo ikiwa haijasimbwa. Nenda kwenye mipangilio ya iCloud ya simu, kwenye nakala rudufu, uizime. Njia nyingine ni kuwasha Ulinzi wa Data wa Hali ya Juu (Advanced Data Protection), ambao Apple waliuanzisha Desemba 2022 na ambao husimba nakala hiyo nayo kwa ufunguo usio mikononi mwa kampuni. Februari 2025 Apple waliacha kuutoa kwa watumiaji wapya wa Uingereza, baada ya serikali ya huko kudai njia ya kuifikia data iliyosimbwa. Kama upo mahali ambapo hauonekani kwenye menyu, zima nakala ya iCloud na uhifadhi nakala kwenye kompyuta yako kwa nenosiri.

Wenye Android. Baada ya kuwasha usimbaji, fungua Google Drive, nenda kwenye orodha ya nakala rudufu, angalia kama kuna nakala ya zamani ya WhatsApp kutoka simu uliyokuwa nayo awali. Ifute. Nakala iliyosahauliwa haijui kwamba umebadilisha mipangilio.

Signal. Kwa kawaida haiweki kitu mtandaoni. Mwaka 2025 ilianza kutoa nakala za hiari zinazofungwa kwa ufunguo wa herufi 64. Ukizitaka, fuata utaratibu uleule wa karatasi.

Upande wa pili. Mazungumzo yana ncha mbili. Wewe ukifunga nakala zako na mwenzako asifunge zake, maneno yako yako wazi kwenye akaunti yake. Kaeni mfanye pamoja. Kisha washeni ujumbe unaojifuta: WhatsApp inakupa saa 24, siku 7 au siku 90, na Signal inakuruhusu kuchagua muda wako mwenyewe. Ujumbe ambao haupo tena hauwezi kutolewa kwa amri ya yeyote. Ila mwenzako bado anaweza kupiga picha ya skrini, kwa hiyo hii haichukui nafasi ya uaminifu kati yenu.

Utajua umefaulu hivi: skrini ya nakala rudufu inaonyesha kwamba usimbaji umewashwa, nakala mpya imekamilika, orodha ya mtandaoni haina nakala ya zamani, na karatasi yako imefungiwa mahali ambapo si ndani ya mfuko wa simu.

## Hatua ya 5: Ondoa vifaa vilivyounganishwa usivyovitambua

Fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa kwenye WhatsApp, Signal na Telegram. Soma kila kimoja na tarehe yake. Usichokitambua, kiondoe papo hapo. Kompyuta ya ofisini uliyoiunganisha mwaka jana nayo iondoe.

Mtu akiunganisha kifaa chake kwenye akaunti yako, hupokea kila ujumbe mpya pamoja nawe, ukiwa umefunguliwa tayari. Februari 2025 watafiti wa Google walieleza jinsi wapelelezi wanaofungamana na Urusi walivyotuma kodi za QR zilizofanana na mialiko ya makundi ya Signal. Aliyezichanganua alikuwa anaunganisha kifaa chao bila kujua. Basi kodi ya QR usiyoiomba usiichanganue, hata ikitoka kwa mtu unayemjua.

## Hatua ya 6: Punguza alama unazoacha

Baada ya hatua tano, maneno yako yamefungwa. Kinachobaki ni metadata: nani, na nani, lini, wapi, mara ngapi. Usiipuuze. Simu ya saa nane usiku kwa daktari wa magonjwa ya akili, kisha kwa wakili, inaeleza mengi bila neno hata moja kusikika.

Tofauti kati ya programu inaonekana hapa. Hati ileile ya FBI inasema WhatsApp, ikipewa amri inayofaa, inaweza kutoa kila dakika 15 orodha ya nani amemtumia nani ujumbe. Signal ilipoletewa amri na mahakama ya Marekani mwaka 2016, ilikuwa na vitu viwili vya kutoa: tarehe akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho ilipounganishwa na seva. Kampuni haiwezi kukabidhi kisichokuwepo, na hicho ndicho kipimo cha kuchagulia huduma yoyote.

1. Ficha namba yako kwenye Signal. Tangu Februari 2024 unaweza kutengeneza jina la mtumiaji. Kisha kwenye faragha, weka kwamba hakuna anayeweza kuona namba yako wala kukutafuta kwa namba hiyo.
2. Ficha IP kwenye simu za sauti. Signal na WhatsApp zote zina chaguo la kupitisha simu kwenye seva zao, ili unayeongea naye asijue anwani yako ya mtandao. Ubora wa sauti hushuka kidogo.
3. Arifa. Desemba 2023 Seneta Ron Wyden wa Marekani alifichua kwamba serikali zimekuwa zikiziomba Apple na Google kumbukumbu za arifa zinazopitia kwenye seva zao. Zima arifa za programu usizozihitaji, na kwa zile nyeti weka arifa isiyotaja jina wala maudhui.
4. Mahali ulipo. Fungua ruhusa za simu, uone ni programu gani zinapata mahali ulipo, na uziondolee zote ambazo hazina kazi nayo. Kwenye Android futa kitambulisho cha matangazo. Kwenye iPhone kataza programu kukufuatilia. Ripoti ya ujasusi ya Marekani iliyofunguliwa kwa umma Juni 2023 ilikiri kwamba mashirika ya serikali hununua data za namna hii sokoni. Hakuna hakimu anayeombwa kibali pale data inaponunuliwa.
5. Picha. Faili ya picha huweza kubeba saa na mahali ilipopigwa. Signal huondoa taarifa hizo. Ukituma picha kama hati kwenye WhatsApp, zinaweza kubaki.
6. Barua pepe. Kichwa cha barua na majina ya mtumaji na mpokeaji kwa kawaida hubaki wazi hata maudhui yakisimbwa. Mwaka 2021 Proton Mail, inayosifika kwa usimbaji, ililazimishwa na amri ya Uswisi kurekodi na kutoa IP ya mwanaharakati wa mazingira nchini Ufaransa. Barua zake hazikusomwa. Alipatikana kwa anwani. Kwa jambo nyeti, barua pepe iwe chaguo la mwisho.

Tahadhari. Simu ikiwa imewashwa na ina laini, minara inajua ulipo, hata uzime GPS. Hakuna mpangilio wa programu unaobadilisha hilo. Kama mahali unapokwenda ndipo penye siri, simu ibaki nyumbani.

## Hatua ya 7: Kivinjari, VPN na Tor

Tovuti nyingi leo hutumia HTTPS, njia inayosimba mawasiliano kati yako na tovuti. Mtoa huduma wako wa intaneti huona jina la tovuti, lakini si ukurasa unaousoma wala unachoandika. Washa hali ya HTTPS pekee kwenye Firefox au kivinjari unachotumia. Kwenye Android toleo la 9 na kuendelea, washa pia DNS ya faragha, ili majina ya tovuti unazozitafuta yasisafiri wazi.

VPN huhamisha imani kutoka kwa mtoa huduma wako kwenda kwa mwenye VPN. Hicho ndicho kinachofanyika, wala haikufanyi usionekane. Mtoa huduma haoni tena tovuti zako. Mwenye VPN sasa ndiye anayeziona. VPN ya bure ambayo hujui inaendeshwa kwa fedha za nani inaweza kukuweka pabaya kuliko ulipokuwa. Tafuta inayotunza data chache na iliyowahi kujaribiwa. Aprili 2023 polisi wa Uswidi walifika kwenye ofisi za Mullvad, kampuni ya VPN, wakiwa na hati ya upekuzi na wakaondoka mikono mitupu, kwa kuwa kumbukumbu za wateja walizozitaka hazikuwepo.

Tor Browser ni kivinjari kinachopitisha safari yako ya mtandaoni kwenye vituo vitatu. Cha kwanza kinakujua wewe lakini hakijui unakokwenda. Cha mwisho kinajua unakokwenda lakini hakikujui. Ni polepole, na inafaa kwa utafiti nyeti. Ukiingia kwenye akaunti yenye jina lako halisi ukiwa ndani ya Tor, umejitaja mwenyewe.

Tahadhari. Mtoa huduma huona kwamba unatumia VPN au Tor, hata kama haoni unachofanya. Nchi kadhaa zimewekea zana hizi masharti au zimezipiga marufuku. Ijue sheria kabla ya kuzisakinisha.

Utajua umefaulu hivi: washa VPN, fungua tovuti inayoonyesha IP yako, uone IP ya mwenye VPN. Kisha ikate VPN ghafla. Kama kurasa bado zinafunguka kwa IP yako ya kawaida, washa kizuizi kinachokata intaneti VPN inapokatika.

## Hatua ya 8: Kwa wanaoweza kulengwa binafsi

Programu za ujasusi kama Pegasus ya kampuni ya NSO Group huingia ndani ya simu na kusoma skrini, kwa hiyo usimbaji hauna la kufanya mbele yake. Mwaka 2019 WhatsApp ilieleza kwamba udhaifu kwenye simu zake za sauti ulitumika kushambulia vifaa takriban 1,400. Wengine hawakulazimika hata kupokea simu.

1. Kwenye iPhone washa Hali ya Kufunga (Lockdown Mode), inayopatikana tangu iOS 16. Baadhi ya viambatisho na kurasa hazitafunguka kama ulivyozoea. Huo ndio mpango: njia hizo ndizo zinazotumika kuingilia. Android 16 ina Ulinzi wa Hali ya Juu (Advanced Protection) wenye lengo kama hilo.
2. Sasisha siku ileile sasisho linapotoka.
3. Zima na uwashe simu mara kwa mara. Baadhi ya programu hizi hazinusuriki kuzimwa, na mshambuliaji hulazimika kuanza upya.
4. Kiungo usichokitarajia usikifungue kwenye simu hiyo.

Apple huwatumia onyo watu wanaowashuku kulengwa. Onyo la kweli halikuombi ubofye kiungo, usakinishe kitu wala utoe nenosiri. Ingia mwenyewe kwenye account.apple.com, kama ni la kweli, utalikuta limeandikwa juu ya ukurasa.

### Ukishuku kwamba umeingiliwa

Usiifute simu. Ushahidi upo ndani yake, na ukiufuta hutajua nini kilichukuliwa wala nani mwingine yuko hatarini. Acha kuitumia kwa mambo nyeti, iweke mbali na chumba unachozungumzia, kisha tafuta msaada ukitumia kifaa kingine chenye akaunti nyingine.

Waandishi wa habari, watetezi wa haki na asasi za kiraia wanaweza kuiandikia bure huduma ya usalama wa kidijitali ya Access Now, inayojibu saa 24 kila siku. Maabara ya usalama ya Amnesty International nayo ilitengeneza zana ya MVT, inayochunguza nakala ya simu kutafuta dalili za programu za ujasusi. Mtaalamu ndiye aiendeshe, kwa kuwa matokeo yake yanaweza kukutia hofu bure au kukupa utulivu usiostahili.

Ukipata kifaa safi, badilisha manenosiri kwa mpangilio huu: barua pepe kwanza, kisha hifadhi ya mtandaoni, kisha programu za ujumbe. Anayeshika barua pepe yako anaweza kubadilisha mengine yote. Ondoa vifaa vyote vilivyounganishwa, rudieni kuthibitisha namba za usalama na kila mtu unayewasiliana naye kwa mambo nyeti, na uwaambie wazi kilichotokea, ili nao waanze na hatua ya 1.